Bei ya Ukucha

Riali mia na arubaini, Zahor,
kwa kitu kisichozidi ukucha wa kidole changu gumba!
Risiti nimeikuta mfukoni mwa kanzu
kabla sijaitia kwenye mashine.
Uliniambia ishirini.

Sasa naelewa kwa nini siku ile, kutoka Seeb,
mfuko wa maji ulikaa kiti cha mbele, umefungwa mkanda,
na mimi nyuma, nimekumbatia gunia la mchele.
Yule kijana wa Kerala dukani alikusindikiza mpaka garini
kama anayemwoza binti yake.

Nikampigia Mama Makunduchi, nikamwonesha kwenye simu:
kijani pembezoni, zambarau katikati,
limebandikwa kwa gundi juu ya kijiwe.
"Tumbawe hilo?"
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Babu yako Mcha kayavunja kwa mtaimbo miaka thelathini,
kayapanga juu ya magogo, kayachoma,
chokaa ikenda kwenye kuta za watu
na kuta zetu zikabaki za udongo.
Hakuna aliyemwongeza hata senti
kwa kuwa jiwe lina rangi."

Nilicheka naye.
Kisha nikaona haya kidogo, sijui kwa niaba ya nani.

Daftari la nyumba ninalo mimi, basi nikahesabu.
Taa za buluu, tisini.
Chumvi ya ndoo, kumi na nane.
Chumvi, jamani, na bahari iko dakika kumi kwa gari!
Mashine ya kupoza maji sikuiandika, kalamu ilikataa.
Umeme wa Julai usinitaje.
Kwa jumla hiyo Mama angekuja Maskati,
akarudi, akaja tena.

Ukanijibu, "Hili linaishi. Si kama dhahabu yako."
Nikanyamaza. Dhahabu yangu
haijatoka kabatini tangu harusi ya Thuraiya.

Ukenda Duqm kazini, wiki mbili.
Usiku wa pili umeme ukakatika Maabela nzima.
Saa sita, nje digrii thelathini na nane.
Watoto nikawalaza juu ya vigae, matumbo wazi.
Pampu kimya. Nyumba ilikuwa haijawahi kunyamaza vile.
Nikajiambia: life tu, litupumzishe,
Mungu si Athumani.

Nikajilaza.
Nikaamka.
Nikachukua upawa wa wali, nikausuuza mara tatu bila sabuni,
nikaanza kuyakoroga maji
polepole, kama uji wa mgonjwa.
Chupa ya barafu nikaizamisha, nikaitoa, nikaizamisha,
tochi ya simu imebaki asilimia kumi na moja.
Lilikuwa limejikunja, limepauka
kama mdomo wa aliyefunga bila kula daku.
Mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono.
Mtoto akaniuliza napika nini.

Saa tisa hivi likatoa vidole,
vidogo, kama ufuta,
vikawa vinapapasa maji.
"Taratibu, bibi," nikaliambia.
Nani aliniambia ni mwanamke?

Umeme ulirudi pamoja na adhana ya alfajiri.
Upawa nikaurudisha jikoni. Sikukwambia.
Uliporudi ulisimama mbele ya kioo na viatu miguuni,
ukasema, "Unaona? Halina tabu hili."
Nikakupa chai.

Kwa hiyo usinikalishe tena
mbele ya Hilal na mkewe, ukaniuliza
kama lina thamani yake au halina.
Bei naijua, nayo si ishirini.
Mengine yako mkononi mwangu wa kulia,
bado unauma nikikuna nazi.

Jana Mama kauliza, "Lile jiwe lenu limekua?"
Nikaenda kupima kwa kidole, kwa nje ya kioo.
Ukucha mmoja, na nusu.
Tikiti yake bado hatujakata.